Penseli Mbele ya Ukuta

Tofali la kuchoma huonekana ukutani kwa namna mbili. Likilazwa kufuata urefu wa ukuta, unaona ubavu wake. Likiingizwa kuelekea ndani, unaona kichwa tu. Ukisimama kando ya barabara mjini Butembo mbele ya ukuta wenye mbavu tupu kutoka msingi hadi juu ya dirisha, jua kwamba huenda ni ukuta wa nusu tofali, unene wa sentimita 11 hivi, na ghorofa haikai juu yake bila nguzo. Ukiona vichwa na mbavu vikipishana, ukuta ni mnene maradufu, na aliyeujengesha alikuwa na matofali ya kutosha, au hakuwa na haraka tuliyo nayo sisi wa leo. Kijana wa mwaka wa sita wa sekondari, finalisti kama tunavyowaita, anaweza kuyasoma hayo kwa dakika chache akiwa ng'ambo ya barabara, bila kubisha mlango wa mtu. Na hapo bado hajatoa penseli.

Nimekuwa nikiwatazama vijana wa namna hii pamoja na walimu wao, wachache, wanaoichukua historia ya sanaa na ya ujenzi kwa uzito. Kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyosadiki kwamba somo hili, hapa kwetu Butembo na Beni, mashariki ya Kongo, ni kazi ya mikono kabla ya kuwa kazi ya kitabu. Si kwamba vitabu havitakiwi. Vinatakiwa sana, ila havipo. Kilichopo ni kurasa zilizopigwa fotokopi kutoka fotokopi nyingine, na kanisa la Chartres likipita kwenye mashine hiyo mara tatu linageuka doa jeusi lenye minara miwili. Mwalimu mwenye akili halionyeshi doa hilo. Anachukua chaki na kuchora ubaoni ramani ya sakafu: mstari mmoja, kisha mwingine, nguzo kwa nguzo, huku wanafunzi wakichora naye kwenye madaftari yao. Mwisho wa saa, kila mmoja ameijenga Chartres kwa mkono wake. Sidhani mwanafunzi wa Ulaya anayeoneshwa picha za rangi ukutani hupata zaidi ya hapo.

Hakuna anayewalazimisha. Finalisti ana mtihani wa taifa mbele yake, Exetat, ambao sehemu yake kubwa ni kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyoandaliwa, na diploma ya serikali ndiyo inayosubiriwa na ukoo mzima. Ukuta wa nani una vichwa vingapi si swali litakaloulizwa. Ndiyo maana nawaheshimu wale wanaobaki saa za jioni na kamba na mita ya fundi.

Kazi yenyewe ni hii: kupima nyumba iliyopo na kuirudisha kwenye karatasi. Inaonekana nyepesi mpaka uijaribu. Wanakwenda wawiliwawili au watatu. Mmoja anashika mwanzo wa mita, wa pili anavuta na kusoma kwa sauti, wa tatu anaandika. Anayeandika ndiye bingwa wao, kwa sababu kabla ya kipimo cha kwanza amekwisha kuchora nyumba nzima kwa jicho, kwa mkono mtupu, na kila namba inakuja kukaa mahali pake palipokwisha kuandaliwa. Asiyechora kwanza anarudi nyumbani na ukurasa wa namba ambazo hajui ni za mlango au za dirisha.

Pande nne za chumba hazitoshi. Hili ndilo somo ambalo mwalimu hulingoja kwa furaha ya siri. Mwanafunzi anapima mita 4 kwa mita 3, anachora mstatili safi, anatabasamu. Kisha anaambiwa apime pembe hadi pembe, kwa mshazari, mara mbili. Chumba kilichonyooka kingempa mita 5 pande zote mbili. Anapata 5,08 huku na 4,92 kule. Chumba kimepinda! Jicho halikuona, mstatili wake ulidanganya, na sasa anafuta na kuanza upya kwa pembetatu, maana pembetatu ikishapewa urefu wa pande zake tatu haina mahali pa kukwepea. Fundi aliyeweka msingi alijua jambo hilohilo kwa upande wake: kamba yenye alama za tatu, nne na tano ndiyo anayoitumia kupata pembe mraba. Tofauti ni kwamba fundi anatoka kwenye kamba kwenda ukutani, na mwanafunzi anatoka ukutani kurudi kwenye kamba.

Baada ya ramani ya sakafu huja mkato, yaani nyumba ikichorwa kana kwamba imepasuliwa kutoka paa hadi msingi. Hapa wengi hukwama, kwa kuwa mkato unadai kujua kile kisichoonekana: sakafu ina unene gani, kenchi imekaa juu ya nini, dari inaficha kimo gani. Inabidi kuuliza. Na kuuliza katika miji yetu si jambo dogo. Mtu akiona vijana wanapima ukuta wake anafikiria watu wa kadasta, anafikiria kesi ya kiwanja, anafikiria kubomolewa. "Mnapima ya nini?" ni salamu ya kwanza. "Ni kazi ya masomo, Papa," wanajibu, na daftari linatolewa. Wenye nyumba wengi wakishaona mchoro wa mlango wao wenyewe hulegea. Mzee anaanza kusema nani aliijenga, matofali yalitoka bonde gani, chumba kipi kiliongezwa alipozaliwa mtoto wa mwisho. Mkato unapatikana kwenye mazungumzo hayo. Kuna vitu mita haifiki.

Kutokana na vipimo hivyo nyumba huanza kusema mambo ambayo hata mwenyewe hakuyapanga. Upana wa vyumba, kwa mfano. Katika majumba ya kale ya mawe huko Lamu na miji mingine ya pwani, vyumba ni virefu na vyembamba, upana usiofika mita 3 kwa kawaida, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko na boriti haikuwa na nguvu ya kuvuka zaidi ya hapo. Mti uliokua kwenye matope ya bahari ulikuwa umeamua mapema sebule ya tajiri itakuwa na upana gani. Mwanafunzi wa Butembo akilisoma hilo halafu akarudi kwenye daftari lake la vipimo, anajiuliza bila kusukumwa: na kwetu, ni mti gani unaoamua? Anatazama mikalitusi iliyopandwa vilimani, anatazama mbao zinazouzwa, anahesabu upana wa vyumba alivyopima, na vinakaribiana kwa namna isiyoweza kuwa ya bahati. Hakuna mtihani wenye swali zuri kuliko hilo.

Mji wenyewe unasomeka kwa tabaka. Butembo si mji wa kale. Ulikua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya madini ya MGL ilipoweka kituo chake, wakati uleule ambapo mapadri Waasumsio walikuwa wanaanza misheni zao katika nchi ya Wanande. Baadaye wafanyabiashara walichukua nafasi. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo kutoka 1966 hadi 1997, anakumbukwa kwa kuwahimiza watu watengeneze barabara na wajenge wenyewe pasipo kungojea serikali, na mwaka 1989 mji ukapata chuo kikuu chake, Université Catholique du Graben. Yote hayo yana alama ukutani kwa anayejua kutafuta. Juu ya dirisha la zamani mara nyingi utakuta tao fupi la matofali yaliyosimamishwa, kwa sababu chuma na simenti vilikuwa ghali kufika huku. Juu ya dirisha la baadaye, linta ya zege. Karibu yake nyumba ya mbao iliyoezekwa manjanja, yaani mabati, ambayo watu huiita ya muda na inakaa miongo. Halafu galeri za ghorofa za wafanyabiashara, vioo vya bluu na aluminiamu, bidhaa zilizosafirishwa kutoka Dubai na Guangzhou na hatimaye zikawa ukuta wenyewe. Mimi sizipendi galeri hizo. Zina joto ndani na mwangwi. Lakini mwalimu mmoja alinikatalia: akaniambia kwamba historia ya ujenzi haihusu tunachokipenda, na kwamba miaka hamsini ijayo finalisti atasimama mbele ya kioo hicho cha bluu kama wa leo anavyosimama mbele ya tao la matofali. Sikuwa na jibu.

Hata rangi ya tofali ni habari. Udongo huchimbwa bondeni, hupigwa katika kalibu ya mbao, hukaushwa chini ya majani, kisha hupangwa kuwa tanuru lenye mashimo ya moto chini, na kuni huingizwa usiku na mchana. Matofali yaliyokaribia moto hutoka meusimeusi na magumu, yanayolia yakigonganishwa. Ya nje hutoka na rangi hafifu na hulika kwa mvua. Fundi mwema huchambua: magumu kwenye msingi na pembe, hafifu ndani, mahali patakapopigwa plasta. Ukiona hafifu kwenye pembe ya nyumba, umejifunza kitu juu ya bajeti, au juu ya fundi.

Nimesema vijana hawa hubaki saa za jioni. Niongeze kwamba jioni haikuwa salama kila mwaka. Mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 katika sehemu za Beni yameacha vijiji vimechomwa na watu wametawanyika. Ebola ilitangazwa Agosti 2018, na mpaka mlipuko ule ulipotangazwa kwisha Juni 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 2,200. Katika madarasa ya miji yote miwili wamo wanafunzi ambao nyumba yao haipo tena ya kupimwa. Kwa hao kuna zoezi lingine: kuchora ramani ya sakafu kwa kumbukumbu. Kipimo ni hatua. Kutoka mlangoni hadi kitandani kwa bibi, hatua sita. Unene wa ukuta wa udongo, shibiri moja na nusu. Binti mmoja wa upande wa Eringeti alichora nyumba ya wazazi wake hivyo, na alipomaliza akagundua kwamba jiko halikutosha mahali alipoliweka, akafuta, akasogeza mlango, likatosha. Mwalimu alisahihisha mchoro huo kama michoro mingine yote: mishale ya vipimo haikufika kwenye mstari, akaitia alama nyekundu. Nilimwona amefanya vizuri.

Sasa, kuhusu mwanzo wa kitabu. Historia ya sanaa katika kurasa zetu za fotokopi huanzia Lascaux, pango la Ufaransa lililogunduliwa mwaka 1940, lenye michoro ya wanyama ya miaka kama 17,000 iliyopita. Hakuna ubaya. Ila mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba Ishango, pale Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, katika teritori ya Beni, akapata kipande cha mfupa cha sentimita kama 10, kimechomekwa kijiwe cha kwotsi kwenye ncha, na ubavuni kimechanjwa chale zilizopangwa kwa safu tatu. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 au zaidi. Mfupa huo uko Brussels, katika jumba la sayansi za asili. Mwanafunzi wa Beni anayefungua somo lake na ng'ombe wa Lascaux anafungua, kwa hesabu hiyo, na kitu kichanga kuliko kilichotoka ufukweni kwake.

Wengi wakiutaja mfupa wa Ishango hukimbilia hisabati. Ni kweli safu moja ina mafungu ya chale 11, 13, 17 na 19, jumla 60, na ya pili 11, 21, 19 na 9, tena 60. Wapo wanaosema ni hesabu, wapo wanaosema ni kalenda ya mwezi, wapo wanaosema chale ziliwekwa ili mkono usiteleze. Mwalimu wa sanaa hana haja ya kuamua. Yeye huwapa wanafunzi picha ya mfupa na kuwaambia wauchore, chale kwa chale, wasihesabu. Wanapochora wanaona kwamba chale hazilingani urefu, kwamba mafungu yameachiana nafasi kwa makusudi, kwamba aliyechanja aligeuza mfupa mkononi ili apate upande mwingine. Wamekutana na mkono wa mtu. Ukishuka Semliki kidogo kutoka Ishango kuna Katanda, ambako Alison Brooks na John Yellen walipata vyembe vya mfupa vyenye miiba upande mmoja, vya kuvulia samaki, ambavyo katika taarifa yao ya 1995 walivikadiria kuwa na miaka kama 90,000. Miiba imekatwa kwa mpangilio, mmoja baada ya mwingine, na nafasi kati yake imelingana kuliko uvuvi peke yake unavyohitaji. Hayo ni maoni yangu, wataalamu wanisamehe.

Kuna nyumba moja ambayo humshinda kila anayejivunia mkato wake. Ni kibanda cha majani cha Wambuti wa msitu wa Ituri, ambao msitu wao unaanzia kaskazini na magharibi ya Beni. Wanawake ndio wajenzi. Fito huchomekwa ardhini kwa duara, hukunjwa na kufumwa juu, kisha majani mapana ya mongongo huning'inizwa kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikifunika kichwa cha safu iliyo chini yake, ili mvua iteleze hadi ardhini. Ni kanuni ileile ya vigae. Mwanafunzi anaulizwa: hapa ukuta unaishia wapi na paa linaanzia wapi? Anatafuta mahali pa kuweka mstari, hapapati. Kitabu chake kimemfundisha kwamba nyumba ina msingi, ukuta na paa, na hii hapa nyumba isiyotambua mgawanyo huo, iliyojengwa kwa saa chache na wajuzi ambao majina yao hayakuandikwa.

Wanawake haohao huchora vitambaa vya gome. Wanaume hubandua gome la ndani la mti na kulipiga kwa nyundo mpaka lilainike na kutanuka. Wanawake huchora juu yake kwa kijiti au kidole, wakitumia maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na makaa. Mistari inakwenda, inakatika, inaacha uwazi mkubwa upande mmoja, inarudi ikiwa imebadilika. Kijana aliyezoea kitenge, ambacho pambo lake hurudi lilelile kila baada ya shibiri kadhaa, hutafuta marudio hayo na hayaoni. Inamchukua muda kukubali kwamba uwazi ule haukuachwa kwa kusahau.

Kutambua mkono wa mtu asiye na jina: hicho ndicho kilele cha ufundi huu, na mfano wake mkubwa ni wa Kongo. Katika makumbusho ya Ulaya kulikuwa na viti vya kifalme na sanamu za Kiluba zilizotawanyika, kila kimoja na karatasi yake. Mbelgiji Frans Olbrechts aliviweka pamoja kwa kutazama tu: uso mrefu uliochoka, mashavu yaliyobonyea, vipaji vya nyuso vilivyopanda, mikono mikubwa kupita kiasi inayobeba kiti. Akasema huyu ni mtu mmoja, na kwa kuwa baadhi ya kazi hizo zilitoka kijiji cha Buli, msanii akaitwa Fundi wa Buli. Kitabu chake juu ya uchongaji wa Kongo kilitoka mwaka 1946. Baadaye wengine walisema huenda ni mikono miwili, karakana moja. Ubishi huo ni afya; unafanyika kwa sababu kuna watu waliokubali kutazama masikio na vidole kwa miaka.

Finalisti hawezi kwenda kuviona viti hivyo. Jumba la Taifa la Makumbusho lililofunguliwa Kinshasa mwaka 2019 lenyewe ni safari ya ndege kutoka kwetu. Kwa hiyo darasa moja la Butembo limechukua mbinu ya Olbrechts na kuipeleka kwenye mabango ya saluni za kunyolea. Vichwa vilivyochorwa kwa rangi ya mafuta juu ya mbao vipo kila mtaa, karibu vyote bila saini. Wanafunzi huchora sikio peke yake, au mstari wa nywele kwenye paji, na kupanga michoro yao mezani kwa mafungu. Tayari wamemtenga mchoraji mmoja ambaye sikio lake lina mkunjo wa ndani unaoanzia chini badala ya juu. Wanamwita Fundi wa Sikio. Mabango yake yako upande wa soko, mengine njiani kuelekea uwanja wa ndege. Kisha mmoja wao alikwenda Beni, kilomita kama 54, kumzika mjomba, akarudi na picha za simu za mabango matatu ya mkunjo uleule, ila kola za mashati zimechorwa kwa namna nyingine kabisa. Sasa darasa limegawanyika. Kundi moja linasema Fundi wa Sikio alihama Butembo akabadili mtindo. Lingine linasema alikuwa na mwanafunzi.